Kabla ya Skrinshoti Kulikuwa na Shaba: Vile Mafundi wa Ulaya Walichonga Dizaini, Wakaziuza, Wakaibiwa

Kama uko na noti ya thao mfukoni, itoe. Kama ni tarehe mbaya na hauna, chukua hata ya soo. Pitisha kidole polepole juu ya neno KENYA. Unaskia vile imekwaruza? Sasa shika flaya yoyote ya mtaani, ile ya kuuza ploti ama ya krusedi, ufanye hivo hivo. Laini kabisa, hakuna kitu unaskia.

Hiyo tofauti haikutokea hivi hivi. Kwa flaya, wino umelala juu ya karatasi. Kwa noti, wino ulikuwa umejazwa ndani ya mitaro midogo iliyochongwa kwa bamba la chuma, karatasi ikakandamizwa juu yake kwa nguvu hadi ikauvuta wino wote nje. Wino ukabaki umesimama kama ukuta mdogo. Ndio maana mama mboga anaweza kushuku noti feki kwa kidole tu, hata kama stima imepotea.

Sasa cheki: hiyo njia ya kuchapa si ya juzi. Ilianzia kwa mafundi wa dhahabu na wa silaha huko Ujerumani na Italia miaka ya 1400. Halafu kati ya 1600 na 1750, ile enzi inaitwa Baroko, ikashika moto Ulaya nzima. Makanisa, majumba ya wafalme, vitanda, bunduki, vyombo vya fedha, zote zilikuwa zinapambwa kutoka kwa karatasi zilizochapwa kwa shaba.

Na ndani ya hii stori kuna swali ambalo kila msee anayechora, anayepiga picha ama anayetengeneza biti analijua vizuri: ukiunda kitu kikali na kila mtu akikikopi, wewe unakula nini?

Tuanze pole pole.

Njia ni mbili: ya mkono na ya asidi

Ya kwanza ni kuchonga. Fundi anachukua bamba la shaba nyekundu, analisugua hadi linang'aa kama kioo. Anashika burini, kifimbo cha chuma kigumu chenye ncha iliyokatwa mshazari na mpini wa mbao wa duara unaokaa ndani ya kiganja. Hachori kama penseli. Anasukuma. Ile ncha inalima shaba kama jembe, inatoa nyuzi ndogo za chuma. Akitaka mstari upinde, mkono wenye burini hauzunguki sana. Anachofanya ni kuzungusha bamba lenyewe, ambalo limekalia mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Akisukuma kwa nguvu mstari unanona, akilegeza unakonda.

Ni kazi ya uvumilivu na ni kazi ya miaka kujifunza. Kosa moja na uko na kazi ya kukwangua, kupiga bamba kwa nyundo kutoka nyuma, na kuanza hapo upya.

Ya pili ni kuchora kwa asidi. Hapa fundi anapaka bamba lote vanishi ya nta na utomvu, kisha analishikilia juu ya moshi wa mshumaa liwe jeusi. Halafu anachukua sindano na kuchora juu ya hiyo vanishi, mkono ukiwa huru kama wa mtu anayeandika barua. Sindano haichimbi shaba, inafungua tu vanishi. Baadaye asidi inamwagwa, na pale vanishi imefunguliwa asidi inakula shaba. Pale imefunikwa haigusi.

Ujanja uko hapa: ukitaka mstari mwepesi, wa mawingu ya mbali, unauacha kwa asidi dakika chache, unaosha, unaufunika na mafuta mazito. Halafu unarudisha asidi iendelee kula ile mistari mingine ya mbele. Muda ndio unachora giza na mwangaza.

Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja. Wino unapakwa bamba zima, unapanguswa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, unabaki kwa mitaro tu. Karatasi iliyoloweshwa inawekwa juu, blanketi za sufu juu yake, na vyote vinapitishwa katikati ya rola mbili za mbao. Mchoraji Mfaransa Abraham Bosse alichora karakana kama hiyo mwaka 1642: unaona msee mmoja amepanda na mguu kwa mikono ya gurudumu la mashine, anavuta na mwili wote, na nyuma yake karatasi zimeanikwa kwa kamba kama nguo.

Callot, msee aliyebadilisha gemu

Kwa muda mrefu asidi ilidharauliwa. Wachongaji wa burini waliiona kama njia ya mkato. Na walikuwa na sababu: vanishi ya zamani ilikuwa laini, ilibanduka ovyo, asidi ikaingia mahali haikualikwa na kuharibu kazi ya wiki nzima.

Halafu akatokea Jacques Callot. Alizaliwa mwaka 1592 Nancy, mji wa Lorraine ambao leo uko Ufaransa, na akafanyia kazi familia ya Medici huko Florence hadi 1621. Callot alichukua vanishi ngumu, ile ambayo mafundi wa kutengeneza vinanda vya kushikwa mkononi walikuwa wanatumia kupaka mbao, akaipaka kwa shaba. Haikubanduka. Sasa angeweza kurudisha bamba kwa asidi mara kadhaa bila wasiwasi.

Pia alitumia sindano iliyokatwa mshazari, inaitwa eshope. Ukiizungusha kidogo kati ya vidole, mstari unanona halafu unakonda, sawa na wa burini. Ghafla asidi iliweza kuiga mkono wa mchongaji, na kwa muda mfupi zaidi.

Matokeo? Mwaka 1620 alitoa picha ya soko la Impruneta, karibu na Florence, yenye watu zaidi ya 1,000 kwa karatasi moja. Kuna wanaouza, wanaocheza, na mpaka mwizi anaadhibiwa. Mwaka 1633 akatoa seti ya picha 18 kuhusu mateso ya vita, na hizo bado zinaumiza ukiziangalia leo.

Bosse, yule wa karakana, alichukua hizo mbinu akaziandika kitabu mwaka 1645. Vipimo vya vanishi, vile ya kutengeneza asidi kwa siki, chumvi na kutu ya kijani ya shaba, vile ya kushika sindano, vile ya kujenga mashine. Kila kitu wazi, na michoro. Kabla ya hapo hizi zilikuwa siri za karakana. Ulikuwa lazima ukae miaka na mdosi mmoja ndio akuonyeshe. Baada ya hapo, mtu mwenye doh ya kitabu angeweza kujaribu mwenyewe kwake.

Kwani hii mapambo yote ilikuwa ya nini?

Baroko ni mtindo wa kukushtua. Kanisa Katoliki lilikuwa limepoteza watu wengi kwa Waprotestanti na lilitaka ukiingia ndani uskie kitu. Wafalme nao walitaka wageni wakiingia ikulu wajue nani mkubwa. Kwa hivyo hakuna ukuta uliachwa mtupu. Majani ya akantha yanajikunja, maua na matunda yananing'inia kwa riboni, malaika watoto wanapanda kila mahali, kombe za baharini, nyuso za kutisha, simba, fremu zinazoonekana kama zinayeyuka.

Sasa fikiria wewe ni fundi wa fedha kwa mji mdogo. Mteja tajiri anakuja anataka jagi la mtindo wa Paris. Paris haujawahi kufika. Utafanyaje? Unanunua karatasi.

Hapo ndipo biashara ilikuwa. Wachapishaji walitoa seti za karatasi sita, nane, kumi na mbili, zenye dizaini tupu: mishikio ya vyombo, fremu za vioo, dari, milango, mahali pa moto, vasi, vitanda. Fundi wa mbao ananunua, wa plasta ananunua, wa kudarizi ananunua, wa bunduki ananunua. Wanatoboa karatasi kwa sindano na kupitisha unga wa makaa kwa vishimo ili dizaini ihamie kwa kazi. Ndio maana nyingi hazikuishi: zilitumika mpaka zikararuka.

Mfalme wa hiyo biashara alikuwa Jean Le Pautre wa Paris, aliyezaliwa 1618 na kufariki 1682. Huyu alianza kama mwanafunzi wa fundi seremala, kwa hivyo alijua mtu wa karakana anataka kuona nini. Alitoa zaidi ya picha 2,000. Ukiona dari nzito ya miaka hiyo, imejaa mashujaa na matunda, kuna uwezekano fundi wake alikuwa na karatasi ya Le Pautre ukutani.

Mwingine ni Stefano della Bella, kijana wa Florence aliyezaliwa 1610. Baba yake alikuwa mchonga sanamu na alikufa mapema. Kijana akapelekwa kujifunza ufundi wa dhahabu, lakini akili yake ilikuwa kwa picha za Callot, akaanza kwa kuziiga. Mwaka 1639 akahamia Paris na kukaa karibu miaka kumi. Mistari yake ni myepesi, inacheza. Fremu zake zimeshikwa na watoto, mbwa, farasi, tai, na haziko sawa pande zote mbili. Mwaka 1644 Kadinali Mazarin alimpa kazi ya kuchora karata za kumfundishia mfalme mtoto Louis wa 14, ambaye hata miaka sita hakuwa amefika. Karata za jiografia, za wafalme wa Ufaransa, za malkia maarufu. Mtoto anacheza, anasoma.

Uso mzima, mstari mmoja

Kabla tuingie kwa vita ya pesa, lazima nikuambie ya Claude Mellan. Mwaka 1649 huyu Mfaransa alichonga uso wa Yesu kwa mstari mmoja. Si mistari ya aina moja, hapana: mstari mmoja. Unaanzia ncha ya pua na kuzunguka, kuzunguka, kuzunguka kama santuri mpaka pembeni ya karatasi. Pale anataka kivuli cha jicho, anasukuma burini zaidi na mstari unanona. Pale anataka mwangaza wa shavu, analegeza.

Hakuna kufuta. Ukikosea kwenye sikio, umepoteza pua na macho pia. Itafute uivute karibu na simu yako, ufuate mstari kwa jicho. Utachoka kabla ufike kwa mdomo.

Soma yale maandishi madogo chini

Sasa hapa ndio mahali pangu. Ukiangalia chini ya hizi picha utaona maneno madogo ya Kilatini ambayo watu wengi huruka. Usiruke. Hayo ndiyo orodha ya nani alifanya nini.

Jina likifuatwa na *invenit* ama *inv.*, huyo ndiye aliwaza dizaini. *Delineavit* ama *del.*, ndiye aliichora kwa karatasi. *Sculpsit* ama *sc.*, ndiye aliichonga kwa shaba. *Fecit*, ameifanya, mara nyingi kwa asidi. *Excudit* ama *exc.*, ndiye mchapishaji, mwenye bamba na duka. Na ukiona *cum privilegio*, hiyo ni onyo: kuna kibali cha mfalme ama serikali, ukichapa yako utashikwa.

Kumbuka kitu kimoja. Dizaini za mapambo ziliuzwa ndio zikopiwe. Fundi wa fedha akikopi jani kwa jagi, hakuna noma, ndio sababu alinunua. Noma inaanza pale mchapishaji mwingine ananunua karatasi moja, anaichonga upya kwa bamba lake, na kuuza bei ya chini. Yeye hakulipa mchoraji, hakuwaza chochote. Analipia shaba tu.

Na kuna vile wanashikwa. Bamba likichapwa, picha inatoka imegeuzwa kama kwa kioo. Mchongaji wa kwanza anajua hilo na anachonga kinyume ili itoke sawa. Mwizi mwenye haraka anachonga vile anaona kwa karatasi, na yake inatoka imegeuka. Ukiona shujaa ameshika upanga na mkono wa kushoto, anza kuuliza maswali.

Mimi niliwahi kutengenezea biashara fulani posta ya kufungua duka. Nililipwa nusu. Miezi miwili baadaye nikaiona kwa biashara ingine kabisa, rangi zile zile, jina langu limekatwa pale kona. Kwa hivyo nikisoma kuhusu hao wasee wa shaba, siwaoni kama watu wa zamani sana.

Hata wakubwa walipitia. Peter Paul Rubens, mchoraji wa Antwerp, alijua picha zake za rangi zinaonwa na watu wachache, lakini za kuchapwa zinafika kila mji. Karibu mwaka 1620 akatafuta vibali Ufaransa na Uholanzi kulinda hizo picha. Lakini mchongaji wake mkali, Lucas Vorsterman, naye aliona jasho lake haliheshimiwi. Walikosana vibaya hadi mwaka 1622 marafiki wa Rubens wakaomba wakuu wampe ulinzi dhidi ya Vorsterman. Unaona tatizo: Rubens ni *invenit*, Vorsterman ni *sculpsit*. Picha inauzika kwa sababu ya nani? Kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Ukikimbia, beba dizaini

Mwaka 1660 Louis wa 14 alitoa amri kwamba kuchonga picha ni sanaa huru, haiwezi kufungiwa ndani ya chama cha mafundi. Hiyo ilikuwa fiti kwa wachongaji: hakuna kikundi kingewazuia kufanya kazi.

Lakini mfalme huyo huyo, mwaka 1685, alifuta amri iliyokuwa inawaruhusu Waprotestanti kuabudu Ufaransa. Maelfu wakatoroka, na mafundi wengi wakiwa ndani. Mmoja wao alikuwa Daniel Marot, kijana wa Paris aliyezaliwa 1661. Alihepa hadi Uholanzi, akaajiriwa na William wa Orange, na huyo William alipokuwa mfalme wa Uingereza, kazi ya Marot ikavuka bahari naye. Jumba la Het Loo na lile la Hampton Court yote yako na mkono wake.

Hebu fikiria. Ufaransa ilimfukuza mtu, naye akaondoka na mtindo wa Ufaransa kichwani. Alichapa dizaini zake kwa vitabu mwanzoni mwa miaka ya 1700: vitanda virefu vya mapazia, saa, bustani, rafu za kupanga vyombo vya kauri. Mafundi wa Uholanzi na Uingereza wakazitumia kwa miaka. Marot alifia The Hague mwaka 1752, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Hogarth anaenda bungeni

Mwisho wa stori uko London. William Hogarth alianza kama mwanafunzi wa fundi wa kuchonga vyombo vya fedha, zile nembo na majani ya Baroko. Alichoka na hiyo kazi, akaanza kuchora stori za mtaa. Mwaka 1732 akatoa picha sita za msichana anayefika mjini na kuharibikiwa na maisha. Ziliuzika vibaya sana. Na kabla hajameza mate, maduka yakajaa kopi za wizi.

Hogarth hakulia tu. Yeye na wenzake wakapeleka ombi bungeni. Mwaka 1735 sheria ikapita: mtu aliyebuni na kuchonga picha ana haki yake peke yake kwa miaka 14 tangu siku ya kuitoa. Hogarth alikuwa na seti mpya tayari, lakini aliificha mpaka sheria ianze kufanya kazi, tarehe 25 Juni 1735. Ndio akaitoa. Huyo msee alikuwa anajua kuhesabu.

Na hapo kuna waya unaofika hadi kwetu. Kenya ilirithi sheria ya hakimiliki ya Waingereza na haikuwa na yake hadi 1966. Ile inayotumika leo ni ya 2001, na inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kutoka miaka 14 hadi hapo, na njia ilifunguliwa na watu wa mikono michafu ya wino waliokataa kukatwa jina.

Rudi kwa ile noti

Ishike tena. Angalia karibu, hasa pale mistari mizuri imejaa. Ile midogo inayonona na kukonda ni ujanja ule ule wa burini. Imechongwa hivyo juu ni ngumu kuikopi. Yaani teknolojia iliyokuzwa na watu waliokuwa wanaibiwa kila siku ndiyo leo inalinda pesa yako isiibiwe sura.

Kwa hivyo ukitengeneza kitu, andika jina lako pale chini, hata kama ni kadogo. *Invenit*, *sculpsit*, lugha yoyote unayotaka. Na ukiposti kazi ya mwenzako, usikate ile kona.